Bolti za gundi katika zege lililonywa maji: niliyojifunza Tukuyu

Asubuhi moja ya mwezi Machi, tukiwa Tukuyu katika kazi ya kuongeza banda la chuma pembeni mwa kiwanda cha chai, fundi aliyekuwa akikaza nati za nguzo ya tatu aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka wenzake wasikie. "Kiongozi," akaniambia, "hii nati inazunguka tu, haikazi." Nilichuchumaa, nikaishika spana mwenyewe. Kila nilipoizungusha robo mzunguko, uzi wa bolti ulizidi kuchomoza juu ya nati, na baada ya mizunguko michache bolti nzima ya milimita 16, iliyokuwa imegandishwa kwa gundi katika shimo la kina cha milimita 125 ndani ya zege, ilitoka mkononi mwangu kama gimbi linalong'olewa kwenye udongo uliolowa.

Niliigeuzageuza bolti ile kwa muda mrefu. Gundi iliyoizunguka, ya epoksi, yaani ile ya sehemu mbili zinazochanganywa zikawa ngumu, ilikuwa imekauka sawasawa, ngumu, yenye rangi moja kuanzia chini hadi juu, bila mapovu na bila michirizi inayoonyesha kwamba sehemu zake mbili hazikuchanganyika. Kwa macho ya haraka ungesema ni kazi nzuri. Lakini mwili wote wa gundi ulikuwa umevaa ngozi nyembamba ya kijivu, laini, ambayo niliipitisha kidole gumba ikafutika na kubaki kidoleni. Lilikuwa ni tope la vumbi la zege. Gundi ilikuwa imelishika tope, wala haikuwa imeligusa zege lenyewe, na nguzo ya chuma ya banda lile ilikuwa isimamishwe juu ya mshiko huo.

Siku hiyo nilisimamisha kazi. Katika saiti zetu watu husema zege halilali, kwa maana kwamba kazi ya zege ikianza haiachwi njiani, na msemo huo umetujengea mazoea ya kukimbizana na muda hata mahali ambapo kukimbia ndiko kunakoharibu. Mashimo yalikuwa yametobolewa siku iliyotangulia kwa drili ya nyundo. Usiku mvua ilinyesha, kama inavyonyesha Rungwe wakati wa masika, mvua ambayo haikatiki. Asubuhi mafundi walikuta mashimo yamejaa maji, wakayapuliza kwa pampu ya mkono mpaka maji yakaacha kuruka, wakapitisha brashi ya waya mara moja, wakapuliza tena, wakatia gundi na kuzamisha bolti. Kisha tukasubiri saa zilizoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, tena tukaongeza saa moja juu yake, tukaamini kwamba tumejihadhari vya kutosha.

Mhandisi mshauri, mama wa makamo aliyefika mchana kutoka Mbeya mjini, aliipokea bolti ile mkononi kabla hata sijamaliza kumpa shikamoo. Aliitazama, akaipitisha kidole kama nilivyofanya mimi, kisha akaniuliza, "Karatasi ya gundi umeisoma?" Nikamjibu, "Nimeisoma, mama." Akaniuliza tena, "Umesoma mistari ya zege kavu au mistari ya zege lililolowa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma jedwali la kwanza nililoliona, na chini yake kulikuwa na mstari wa maandishi madogo uliosema kwamba katika zege lenye maji muda wa kusubiri uongezwe mara mbili. Watengenezaji wengi wa gundi hizi huandika hivyo, na huonyesha kando kando uwezo wa bolti katika zege kavu, katika zege lililoloa, na katika shimo lenye maji ndani yake. Zipo pia gundi ambazo hazikuruhusiwa kabisa kutumika katika hali moja au mbili kati ya hizo. Kanuni za upimaji za taasisi ya zege ya Marekani (ACI), zenye namba ACI 355.4, huzitenganisha hali hizo waziwazi, zikiongeza na ya nne, yaani kazi inayofanyika chini ya maji. Sisi tulikuwa tumezikusanya zote katika neno moja la "unyevunyevu", neno ambalo halimwambii fundi afanye nini.

Ili mtu aelewe kwa nini maji yanaleta balaa kubwa kiasi hiki, inafaa kwanza atazame jinsi nafasi ya gundi ilivyo ndogo. Bolti ya milimita 16 huingia katika shimo la milimita 18, kwa hiyo gundi inayoizunguka ina unene wa milimita moja tu. Uwezo wa bolti kutong'oka unategemea eneo la ngozi yake, yaani mzunguko mara kina, na kiasi ambacho kila milimita ya mraba inaweza kushika. Kwa bolti zetu eneo hilo ni kama milimita za mraba 6,280. Gundi ikishika kwa nyutoni 10, yaani kama uzito wa kilo moja, katika kila milimita ya mraba, bolti itabeba zaidi ya tani 6 kabla ya kuteleza. Tulipokuwa tukikaza nati kwa nyutoni-mita 80, kipimo cha nguvu ya kuzungusha spana, tulikuwa tunaivuta bolti kwa takribani tani mbili na nusu, ambayo ni kama nyutoni 4 kwa milimita ya mraba, na hata hizo haikuziweza. Katika nafasi ya milimita moja, utando wa tope usiozidi unene wa karatasi unatosha kuizuia gundi isifike mahali inapotakiwa kushika.

Zege nalo si jiwe lililoziba. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huhitaji takribani lita 12 za maji kwa ajili ya kuungana nayo kikemikali, lakini fundi huweka lita 25, au 30, ili zege limwagike na kutandazika vizuri. Maji yanayozidi hubaki ndani, na yanapoondoka polepole huacha vinjia vyembamba visivyoonekana kwa jicho. Gundi ikikuta vinjia hivyo viko wazi huingia kidogo na kujishikiza kama mizizi. Ikikuta vimejaa maji haina pa kuingia, inabaki juu ya utando wa maji, na inapokauka inakauka ikiwa imelitazama zege bila kushikana nalo. Zaidi ya hayo, vigumisho vingi vya epoksi ni kemikali za jamii ya amini, ambazo huvutiwa na maji, kwa hiyo sehemu ya gundi inayokutana na maji kabla haijakauka inaweza kuwa dhaifu kuliko ile ya katikati. Hata epoksi iliyokwisha kukauka hunywa maji kidogo kidogo na kulegea kiasi, jambo ambalo halionekani siku ya kupima lakini linahesabika kwa bolti itakayobeba mzigo miaka mingi.

Kwa gundi za jamii ya polyesta hatari ni nyingine tena. Maji yaliyomo ndani ya zege si maji safi, ni maji makali ya magadi, yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi, ambacho kwa maji safi ni 7) inayozidi 12. Mama zetu walitengeneza sabuni kwa kuchemsha mafuta pamoja na magadi, na kinachotokea humo ni magadi kuyavunja mafuta katika viungo vyake vya kikemikali viitwavyo esta. Polyesta nayo imeunganishwa kwa viungo vya jamii hiyohiyo. Zege likiwa kavu mashambulizi hayo ni madogo, lakini zege lililoloa miaka na miaka lina magadi na lina maji ya kuyabeba, na ndiyo sababu mimi siruhusu gundi za bei nafuu za polyesta katika msingi wowote unaogusana na udongo wa huku kwetu.

Mhandisi hakuturuhusu kurudia kazi mpaka tufanye jaribio, nami namshukuru hadi leo kwa hilo. Ndani ya chumba cha tanuri la kukaushia chai kulikuwa na kitako cha zege cha mashine ya zamani ambayo ilikuwa imeng'olewa, zege kavu kweli kweli kwa sababu ya joto la miaka mingi. Tulitoboa mashimo tisa. Matatu tuliyaacha makavu. Sita tuliyajaza maji kwa siku saba, tukiyaongezea kila asubuhi na jioni kwa chupa, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kiasi cha maji tulichoongeza: jioni ya siku ya kwanza mashimo yalikuwa yamekunywa yote. Baada ya wiki tuliyaondoa maji. Matatu kati ya hayo sita tuliyasafisha kwa maji safi kwanza hadi yakatoka meupe, kisha kwa kompresa yenye kichujio cha mafuta, brashi, kompresa tena, brashi tena, hadi brashi ikatoka haina kitu. Matatu ya mwisho tuliyasafisha kama tulivyokuwa tumefanya kule nje, kwa pampu ya mkono na brashi mara moja. Gundi ilikuwa ileile, bolti zilezile, na mara hii tulisubiri muda uliozidishwa mara mbili kwa yale yaliyolowa.

Tulizivuta kwa jeki ya haidroli yenye tundu katikati, geji ikiwa mbele ya macho ya kila mmoja. Bolti za mashimo makavu zilifika mzigo tuliopangiwa na zikatulia pale. Za mashimo yaliyoloa lakini yakasafishwa vizuri, mbili zilifika na moja ikaanza kusogea karibu na mwisho, mshale wa geji ukisita na kurudi nyuma. Za mashimo yaliyosafishwa kijuujuu zote tatu ziliteleza mapema mno, na zilipotoka zilikuwa na ngozi ileile ya kijivu. Mashimo tisa si utafiti, na nisingependa mtu ayachukue kama kipimo cha gundi fulani. Lakini yalinifundisha kitu ambacho jedwali halikunieleza kwa uzito huo: maji peke yake yalipunguza mshiko kidogo, na vumbi lililolowa ndilo lililoumaliza. Vumbi kavu hupeperushwa na upepo. Likishaloa linaganda ukutani kama uji uliokaukia sufuriani, pampu ya mkono hailiwezi, na brashi ikipita mara moja inalisambaza tu vizuri zaidi.

Tangu hapo nimejenga mazoea ya kusoma vumbi la drili. Drili inapotoboa zege kavu, vumbi hutoka jepesi, jeupe, linaruka na kukaa kwenye nyusi. Zege likiwa na maji vumbi hutoka zito, linashikamana na mikunjo ya drili, na ukilikamata kiganjani ukalifumba linabaki donge kama unga wa sembe uliotiwa maji kidogo. Uso wa zege unadanganya sana. Nimeona sakafu iliyopigwa jua la mchana ikawa nyeupe kabisa juu, na sentimita tatu chini yake donge likafumbika. Siku moja kabla ya kazi huwa nafunika sehemu ya zege kwa kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, nikakigandisha kingo zote kwa utepe, na kukiacha hadi kesho yake. Njia hiyo hutumiwa na wapaka rangi wa sakafu, ambao kanuni yao hutaka angalau saa 16. Asubuhi nikikuta matone chini ya nailoni, au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, nafanya kazi kwa mistari ya zege lililolowa bila ubishi.

Kuna makosa mengine niliyafanya baadaye Njombe, mwezi wa Juni, ambako mvua ilikuwa imekwisha na nilidhani nimeepukana na tatizo. Zege la boriti lilikuwa na siku 10 tu tangu limwagwe, na mwenye kazi alitaka tuchomeke nondo za ukuta kwa gundi haraka, nami nikakubali tuanze. Kanuni za zege za Marekani, ACI 318, tangu toleo la 2011 zinataka zege liwe na umri usiopungua siku 21 kabla ya kuwekewa bolti za gundi, na sababu mojawapo ni hiyohiyo ya maji: zege changa limejaa maji yake lenyewe, hata kama mbingu hazijadondosha tone. Pamoja na hayo kulikuwa na baridi. Njombe mwezi Juni asubuhi mikono inakufa ganzi, na epoksi nayo hupunguza mwendo wake kwa kadiri ya baridi. Kila joto linaposhuka nyuzi 10, muda wa kukauka unaweza kuongezeka maradufu au zaidi. Kinachohesabika ni joto la zege, si la hewa, na boriti iliyolala kwenye baridi usiku kucha hubaki baridi hata saa nne ya asubuhi, wakati watu wameshavua makoti. Pale tulibahatika. Niliigusa gundi iliyobaki kwenye karatasi ikanikubalia ukucha, nikaagiza nondo zisiguswe na mtu kwa siku mbili, na boriti zilizobaki tukaziacha mpaka siku 21 zilipotimia. Mwenye kazi hakufurahi, na alikuwa na haki ya kusikitikia gharama zake, lakini sikuwa tayari kubadilisha tarehe kwa ajili hiyo.

Nimekuja kuona pia kwamba fundi mwenye kujali analazimika kuelewa kidogo hesabu za mhandisi, kwa sababu ndimo unyevu unamolipiwa. Kanuni hizo za ACI 318 zinampa mhandisi asiye na majaribio ya gundi husika thamani za chini za mshiko wa gundi za kutumia, na thamani hizo hutofautiana kati ya bolti zilizo ndani ya jengo, pakavu, na zilizo nje, ambako zege linaweza kuwa kavu au kujaa maji kabisa na jua nalo linalipasha moto. Kwa zege lenye nyufa, ndani ni takribani nyutoni 2.1 kwa milimita ya mraba, na nje ni 1.4. Bolti yetu ya Tukuyu, ile iliyohesabiwa kubeba tani 6 kwa nyutoni 10, ikikadiriwa kwa thamani hiyo ya nje haifiki hata tani moja. Na ikiwa mzigo ni wa kuvuta daima, mfano wa kitu kilichoning'inizwa, sehemu ndogo tu ya hiyo ndiyo inayoruhusiwa, kwa kuwa gundi iliyovutwa bila kupumzika hunyooka polepole. Tarehe 10 Julai 2006, huko Boston, Marekani, sehemu ya dari la zege la handaki la barabara, takribani tani 26 pamoja na vifaa vyake vya kuning'inizia, iliangukia gari na kumuua abiria mmoja. Uchunguzi uliona kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ya kukauka haraka, isiyoweza kuhimili mvuto wa kudumu. Unyevu haukutajwa kuwa ndio chanzo, lakini naikumbuka ajali ile kila ninapoombwa kuning'iniza kitu kwa gundi, kwa sababu bolti zile ziliwahi kupimwa na kushika, kisha zikaachilia baadaye.

Kule Tukuyu tulirudia kazi yote. Mashimo ya zamani hatukuyatumia. Tulitoboa mapya pembeni baada ya mhandisi kubadilisha mchoro wa mabamba ya chini ya nguzo, tukajenga kibanda cha turubai juu ya kila nguzo, na tukaweka utaratibu kwamba shimo likitobolewa linasafishwa na kutiwa gundi siku hiyohiyo, na lisipowahi linazibwa kwa kizibo cha mbao kilichofungwa nailoni. Gundi ilitiwa kuanzia chini ya shimo kwa mrija mrefu, ukirudishwa juu taratibu, ili kama kuna maji yaliyobaki yasukumwe nje badala ya kufungiwa humo. Bolti ilizamishwa kwa kuizungusha, na tulihakikisha gundi inatokeza juu pande zote. Nilimpa kijana mmoja daftari, awe anaandika hali ya kila shimo: kavu, limeloa, au lina maji. Mwanzoni aliandika "kavu" kwa yote, kwa kuwa aliogopa kwamba akiandika vingine nitamgombeza. Nilikaa naye tukarudia mashimo manne, donge la vumbi mkononi mwake, na baada ya hapo daftari likaanza kusema kweli.

Ilibaki nguzo ya kona ya kaskazini, iliyokaa karibu na ukingo wa kilima. Hapo kila shimo tulilotoboa lilijaa maji lenyewe ndani ya nusu saa, bila mvua, maji yakitoka kilimani na kupita katika ufa wa msingi. Tulipuliza kwa kompresa, tukapiga brashi, tukapuliza tena, na kabla mrija wa gundi haujafika chini ukuta wa shimo ulikuwa umeshameremeta. Mafundi walitaka tutafute gundi inayokubali maji, na zipo. Mhandisi alipokuja alichutama pale, akaweka kidole ndani ya shimo, akakitoa kikidondosha. "Hii inakubali maji yaliyotulia, mwanangu," akaniambia. "Haya yanatembea." Tulivunja kichwa cha msingi ule, tukafukua mfereji wa mawe nyuma yake kuyaelekeza maji bondeni, tukafunga bolti ndefu zenye ndoano kwenye nondo, na kumwaga zege jipya likiwa limezikumbatia. Ilituchukua siku tisa kwa nguzo moja.